Hatari ikae kwa nani? Majibu kuhusu taka za sumu, baruti na magereza

Maswali ya toleo hili yanahusu vitu ambavyo kila serikali inavyo, lazima ivihifadhi mahali fulani, na hakuna anayevitaka jirani. Yanayofanana tumeyaunganisha na marefu tumeyafupisha.

SWALI: Mimi ni diwani. Tumearifiwa kuwa eneo letu ni moja kati ya matatu yanayofikiriwa kwa jaa la taka za sumu. Wataalamu watafika mwezi ujao. Tuanze kwa kuwauliza nini?

JIBU: Mheshimiwa, usianze na "je, ni salama?" Hilo utajibiwa ndiyo, tena kwa michoro ya rangi. Anza na hili: haya matatu yamebaki baada ya kuondolewa maeneo mangapi, kwa vigezo gani, na vigezo hivyo viliandikwa lini? Vikiwa vimeandikwa baada ya ramani kufunguliwa, mahali palikwisha kuchaguliwa na sababu zinatafutwa.

Uchujaji wa kweli huanza kwa kukataa. Yanaondolewa kwanza mabonde ya mafuriko, ardhi ya chokaa yenye mapango, mipasuko ya matetemeko, miteremko inayoporomoka, na sehemu zinazolisha visima na chemchemi za watu. Zinazobaki ndizo hupimwa. Kina cha maji ya ardhini kipimwe mwaka mzima, maana anayepima mwishoni mwa kiangazi huyakuta maji yako chini kabisa na kuandika namba ya kupendeza. Visima vya uchunguzi viwe upande maji yanakotoka na upande yanakoelekea. Kukiwa na vya upande mmoja tu, siku sumu itakapoonekana mtabishana miaka kumi kama ilikuwapo tangu awali.

Uliza pia kuhusu sakafu ya jaa. Kiwango kinachotumika sana kwa tabaka la mfinyanzi ulioshindiliwa ni kutopitisha maji zaidi ya sehemu moja kwa milioni kumi ya sentimita kwa sekunde, yaani sentimita tatu hivi kwa mwaka. Mfinyanzi ukifikia hapo ni ngao nzuri, ila ukiachwa juani wiki chache kabla ya kufunikwa hupasuka, na ufa mmoja hufuta hesabu yote. Juu yake huja karatasi nene ya plastiki, na kinachoharibika mara nyingi ni maungio yake. Basi muulizeni mkandarasi nani atakagua maungio, kwa kipimo gani, na kama mtu wenu atakuwepo siku hiyo. Mwisho kabisa, nani atalipia pampu ya maji machafu jaa likishafungwa? Marekani sheria inadai uangalizi wa miaka 30 baada ya kufungwa, nazo sumu nyingi hazijui kuhesabu miaka.

Hayo ni ya ardhi. Kwa maoni yetu, mipango mingi huvunjikia kwenye mpangilio wa hatua. Mwaka 1982 Marekani ilitunga sheria ya kutafuta mahali pa kuzika taka kali za nyuklia kwa kulinganisha maeneo kadhaa. Mwaka 1987, kabla ulinganishaji haujaisha, Bunge likaamua litachunguzwa eneo moja tu: Yucca Mountain, jimbo la Nevada, jimbo lisilo na kinu hata kimoja cha umeme wa nyuklia. Gavana alipinga rasmi mwaka 2002, Bunge likampiku. Serikali iliyofuata ikaanza kuutupa mradi mwaka 2010. Mabilioni ya dola yamezama mlimani na hakuna pipa lililoingia.

Ufini ilichunguza maeneo manne, na sheria yake iliipa halmashauri ya mji haki ya kukataa ambayo hata bunge haliwezi kuivuka. Januari 2000 madiwani wa Eurajoki walikubali kwa kura 20 dhidi ya 7. Mwaka uliofuata bunge likaridhia kwa kura 159 dhidi ya 3, na mahandaki ya Onkalo ya kuzikia taka hizo yakachimbwa hadi mita 430 hivi ndani ya mwamba. Haki ni kusema kwamba Eurajoki ilikuwa tayari na vinu vya nyuklia vya Olkiluoto. Watu walishazoea kuishi na mwamba huo na ajira zake. Sweden ilikwenda njia hiyohiyo: Forsmark ilichaguliwa 2009, halmashauri ya Östhammar ikapiga kura ya kukubali 2020, serikali ikaidhinisha 2022. Halmashauri zililipiwa kutoka mfuko wa taka za nyuklia ili ziajiri wataalamu wao wenyewe. Kanada nayo ilialika jamii zijitokeze kuanzia 2010, zikajitokeza 22, kila moja ikiwa huru kujitoa, na mwaka 2024 uchaguzi ukaangukia Ignace na taifa la wenyeji wa asili la Wabigoon Lake Ojibway, Ontario.

Kwa hiyo kwenye kikao cha kwanza hakikisha muhtasari unaandika hadi tarehe gani mnaweza kujitoa, na nani analipia mtaalamu wenu. Haki ya kukataa inayokuja baada ya tingatinga kuwasili ni adabu tu.

SWALI: Tumeahidiwa barabara na zahanati tukikubali. Wengine wanasema tuchukue, wengine wanasema ni rushwa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Uswisi ilipimwa jambo hilihili. Mwaka 1993 wakazi wa Wolfenschiessen waliulizwa kama wangekubali ghala la taka za nyuklia kijijini kwao. Asilimia 50.8 walikubali. Walipoulizwa tena, safari hii wakiahidiwa malipo ya kila mwaka, waliokubali walishuka hadi asilimia 24.6. Watu waliokuwa tayari kubeba mzigo wa taifa walijiona wananunuliwa, na wengine walijiuliza: mbona wanalipa hivyo, kuna nini humo ndani?

Hii haina maana kwamba fidia ni mbaya. Tenganisheni vitu viwili vinavyochanganywa makusudi. Barabara na zahanati ni haki yenu kama raia hata bila jaa, basi msikubali ziingie kwenye mkataba. Fidia halali inafungamana na hasara yenyewe: dhamana ya bei ya nyumba na mashamba, upimaji wa maji na afya usiokoma, mfuko wa ajali unaokaa nje ya mikono ya kampuni, na maabara mnayoichagua nyie. Tena izungumzwe baada ya usalama kukubalika. Ikitangulia, kila kipimo kitakachofuata kitanuka pesa.

SWALI: Kwa nini kila kitu cha hatari kisipelekwe jangwani, mbali na watu wote?

JIBU: Kwa sababu "mbali" ina barabara, na kila kilomita ya barabara hiyo ni kilomita ya ajali. Kikosi cha zimamoto kiko mbali, hospitali iko mbali, mafundi hawakai. Na ramani inayoonyesha "hakuna watu" mara nyingi imechorwa na mtu asiyewahesabu wafugaji. Ukavu wa jangwa unasaidia kwa taka, hilo tunalikubali. Kwa mahabusu unadhuru, kama tutakavyoona.

SWALI: Ghala la risasi na mabomu la jeshi liko karibu na makazi yetu. Nyumba zimeongezeka hadi karibu na uzio. Umbali salama ni upi?

JIBU: Una jibu la hesabu, na linafaa kujulikana na kila afisa ardhi. Miongozo ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu hifadhi ya silaha hutumia kanuni ifuatayo kwa vilipuzi vinavyolipuka vyote kwa mpigo: chukua uzito wa kilipuzi kwa kilo, tafuta kipeuo chake cha tatu, zidisha kwa 22.2. Unachopata ni mita hadi nyumba za kawaida. Kwa barabara ya umma zidisha kwa 14.8. Kwa shule, hospitali na maghorofa zidisha kwa 44.4. Mizigo midogo ina masharti yake na umbali wa chini usiopunguzwa, kwa sababu vipande vinavyoruka havifuati hesabu ya mshindo.

Tuseme ghala lina tani 64, yaani kilo 64,000. Kipeuo cha tatu ni 40. Nyumba ziwe mita 888, shule mita 1,776. Uzio ukiwa mita 100 kutoka ukutani, hatari iko nje ya uzio kwa karibu mita 800, na ardhi hiyo yote inapaswa kumilikiwa au kuzuiwa ujenzi kisheria. Hapa ndipo serikali nyingi hukosea: hupima kiwanja cha ghala na kusahau kivuli chake.

Nyumba zikishaingia, igeuze hesabu. Nyumba ya karibu iko mita 500? Gawa 500 kwa 22.2, upate 22.5, kisha izidishe kwa yenyewe mara tatu: kilo 11,400 hivi. Ghala lililojengwa kwa tani 64 sasa linaruhusiwa tani 11 tu. Kamanda ana njia mbili, kuhamisha watu au kuhamisha mabomu, na kwa kawaida mabomu ni rahisi zaidi. Njia ya kati ni kugawa mzigo. Tani 64 zikiwekwa kwenye vyumba vinane vya tani 8, kipeuo ni 20 na umbali unashuka hadi mita 444. Lakini vyumba hivyo vitenganishwe kwa nafasi na matuta ya udongo kiasi kwamba kimoja kikilipuka cha pili kisifuate. Vikifuatana, jumlisha zote upya na urudi mita 888.

Makosa mawili hujirudia. Moja ni kuhesabu uzito wa kombora zima pamoja na chuma na kasha, au kinyume chake kusahau baruti ya kusukuma. Kinachotakiwa ni uzito wa kilipuzi chenyewe. La pili ni kuamini daftari: risasi zilizoletwa "kwa muda" huwa haziandikwi.

Mwaka 2012 ghala la Mpila lililipuka katikati ya makazi ya Brazzaville na kuua karibu watu 300. Lagos, Januari 2002, ghala la kambi ya Ikeja lilipolipuka, wengi wa waliokufa hawakuuawa na mlipuko; walizama kwenye mfereji walikokimbilia gizani. Kwa hiyo umbali peke yake hautoshi. Tembeeni njia za kukimbilia usiku, mkiwa na watoto, muone zinaishia wapi.

Na Beirut inaonyesha kwamba mahali pa hatari panaweza kuchaguliwa bila mtu kuchagua. Meli ilizuiliwa bandarini, tani 2,750 za amoniamu nitrati, kemikali inayoweza kulipuka, zikashushwa ghalani, miaka ikapita, na tarehe 4 Agosti 2020 zikaua zaidi ya watu 200. Hakuna kikao kilichowahi kukaa kuamua kwamba zihifadhiwe karibu na mji. Orodha ya maeneo ya hatari isiyo na "mizigo iliyokwama" ina pengo kubwa.

SWALI: Mhandisi mmoja anasema mahali si hoja, ujenzi imara unatosha. Ni kweli?

JIBU: Mwambie alinganishe vituo viwili vya umeme wa nyuklia vya Japani, Fukushima Daiichi na Onagawa. Tetemeko la Machi 2011 lilikuwa karibu zaidi na Onagawa, na mawimbi yaliyofika huko yalikuwa ya mita 13 hivi. Kituo kilikuwa kimejengwa mita 14.8 juu ya bahari, kikazimwa salama. Fukushima ilikuwa na kilima cha mita 35 ambacho kilikatwa hadi mita 10 wakati wa ujenzi, na majenereta mengi ya dharura yakawekwa vyumba vya chini. Wimbi la takribani mita 14 likaingia. Nguzo hazikuwa tatizo pale. Mita nne na ushei za ardhi zilizoondolewa na tingatinga zingebadilisha habari yote.

SWALI: Wanasiasa wetu wanapinga mahabusu wa ugaidi kuletwa kwenye gereza la hapa, wakisema ni hatari kama taka za nyuklia. Mnasemaje?

JIBU: Mfano huo una mvuto jukwaani na unapotosha mezani. Taka huvuja zenyewe, bila nia, kwa miaka maelfu. Mtu aliye ndani ya chumba cha gereza havuji. Na pipa la taka halina mama wa kulitembelea, wala wakili, wala tarehe ya kesi. Ndiyo maana vigezo vya gereza vinakwenda karibu kinyume na vya jaa: taka unaziweka mbali na mji, mahabusu unamweka karibu na mahakama.

Sababu ni ya kiusalama kabla ya kuwa ya utu. Mlango wa gereza imara ni mgumu kuvunja; msafara barabarani ni rahisi kushambulia. Mahabusu anayepelekwa mahakamani mara mbili kwa mwezi umbali wa kilomita 200 anasafiri kilomita 800 kila mwezi, na kila safari inakula askari, gari na mafuta, au inaahirishwa na kesi inazeeka. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka wafungwa wawekwe kadiri inavyowezekana karibu na makwao, na mahabusu watenganishwe na waliohukumiwa.

Kisha pima kiwanja. Kiwango cha chini cha maji kinachotumiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ni lita 10 hadi 15 kwa mtu kwa siku. Gereza la watu 1,000 linahitaji basi lita 10,000 hadi 15,000 kila siku bila kuhesabu askari na familia zao, na karibu kiasi hichohicho kitatoka kama maji machafu. Hakikisheni kuna tangi la akiba la angalau siku nzima, na mahali pa kumwaga ambapo si mto wa kijiji cha chini. Mafuriko pia: kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans mwaka 2005, maji yaliingia gereza la mji huku wafungwa wakiwa ndani ya vyumba vyao. Jengo ambalo watu wake hawawezi kujifungulia mlango lisikae bondeni.

Kuhusu ugaidi, rekodi ipo. Januari 2009 Rais Obama wa Marekani aliagiza kituo cha Guantánamo, Cuba, kinakofungiwa washukiwa wa ugaidi, kifungwe ndani ya mwaka mmoja. Mei mwaka huohuo Seneti ilikataa fedha za kuwahamishia mahabusu Marekani kwa kura 90 dhidi ya 6. Wakati huo gereza kali la Florence, Colorado, lilikuwa tayari limewafunga Ramzi Yousef na Zacarias Moussaoui, waliohukumiwa kwa ugaidi, na mji unaendelea na shughuli zake. Mji mdogo wa Hardin, Montana, uliokuwa na gereza tupu la dola milioni 27, uliwaomba waletwe. Wabunge wa jimbo lake ndio waliokataa. Ahmed Ghailani, aliyeshtakiwa kwa mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1998, alipelekwa New York Juni 2009, akashtakiwa katika mahakama ya kiraia na kuhukumiwa kifungo cha maisha Januari 2011.

Hata hivyo wanasiasa wenu wana hoja moja tusiyoipuuza: gereza la aina hiyo linaweza kulengwa kutoka nje. Hilo linajibiwa kwa nafasi wazi kuzunguka ukuta, barabara mbili za kuingilia na askari wa kutosha. Kama gereza la hapa lina barabara moja inayopita sokoni, semeni hivyo, kwa maneno hayo. Ni pingamizi lenye nguvu kuliko mfano wa nyuklia.

Kwa wafungwa wa vita sheria ni kali zaidi. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unadai waondolewe eneo la mapigano haraka, wawekwe nchi kavu na si melini, na wasitumiwe kama ngao ya kulinda mahali pasishambuliwe. Pale hali inaporuhusu, kambi iwekwe alama PW au PG (kifupi cha "wafungwa wa vita" kwa Kiingereza na Kifaransa) inayoonekana kutoka angani mchana. Mkataba wa Nne unakataza kuwatoa wakazi wa eneo lililokaliwa kijeshi na kuwafunga nje ya eneo hilo.

SWALI: Nchi inaweza kulipa nchi nyingine ipokee taka au mahabusu wake?

JIBU: Kwa taka, Mkataba wa Basel wa 1989 unadai idhini ya maandishi ya nchi inayopokea kabla mzigo haujaondoka, na Mkataba wa Bamako wa 1991 unakataza kabisa kuingiza taka za sumu Afrika katika nchi wanachama. Kwa watu, Mkataba dhidi ya Utesaji, kifungu cha 3, unazuia kumpeleka mtu mahali ambako kuna sababu za msingi za kuamini atateswa. Ndiyo maana Wauighuri, Waislamu kutoka China, waliokuwa Guantánamo hawakurudishwa China ingawa China iliwadai: watano walipokelewa Albania 2006, wanne Bermuda na sita Palau mwaka 2009. Hao walikwenda kuachiwa huru. Kulipa nchi ya tatu iwe mlinzi wa gereza ni jambo jingine, na swali la kwanza hapo ni mahakama ya nchi gani itasikiliza malalamiko yao.

SWALI: Jaa likishafunguliwa, kamati yetu ya wananchi ifuatilie nini?

JIBU: Fuatilieni kinachoingia kuliko kinachotoka. Ghala la taka za nyuklia la WIPP, New Mexico, Marekani, liko mita 655 chini ndani ya tabaka la chumvi, mahali pazuri kwa kila kipimo. Februari 2014 pipa lilipasuka humo na ghala likasimama karibu miaka mitatu. Chanzo kilikuwa unga wa kufyonza unyevu: waliofunga pipa, mbali na hapo, walibadilisha ule wa madini na kutumia wa ngano, ukachanganyika na chumvi za nitrati na kupata joto. Mwamba haukuwa na kosa.

Asse, Ujerumani, ni kinyume chake. Mapipa karibu 126,000 ya taka za nyuklia yaliwekwa kwenye mgodi wa chumvi wa zamani kati ya 1967 na 1978, mgodi uliochimbwa kwa ajili ya chumvi na si kwa ajili ya kuhifadhi kitu. Maji yanaingia tangu 1988, mita za ujazo 12 hivi kwa siku, na sheria ya 2013 inataka mapipa yatolewe.

Kamati ipate nakala ya hati ya kila shehena: imetoka wapi, ina nini, imefungwa na nani, na kama kuna kilichobadilishwa kwenye ufungaji. Ichague yenyewe, kwa kura, pipa au gunia moja kati ya kila shehena lifunguliwe na kupimwa. Visima vipimwe kila baada ya miezi mitatu, sampuli igawanywe chupa mbili mbele ya mashahidi, moja iende maabara ya mwendeshaji na nyingine maabara yenu. Namba zikitofautiana sana, anzeni kwa kuuliza chupa zilikaa muda gani juani.